Moyo Unaopiga Bila Mpango

Weka vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Hapo utasikia mshipa ukipiga. Mapigo ya moyo mzima hufuatana sawasawa, kama hatua za mtu atembeaye njiani. Lakini wako watu ambao mapigo yao hayana mpango: mawili ya haraka, moja linachelewa, jingine halisikiki. Huo ni ugonjwa, hata kama mtu haumwi popote.

Moyo una vyumba vinne. Katika ugonjwa huu vyumba viwili vya juu havikamui damu tena, vinatetemeka tu. Damu inakawia ndani, na damu inayokawia inaganda. Donge likitoka humo, linaweza kuchukuliwa mpaka kwenye ubongo na kuziba mshipa. Mtu ameamka mzima, mara mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea, kinywa kinapinda, maneno hayatoki. Jamaa wanasema amerogwa, wanamtafuta mchawi, na siku zinapita. Hakuna aliyemroga! Mpelekeni hospitali saa ile ile. Msimpe chakula wala maji, asije akapaliwa.

Katika nchi yetu baadhi ya wagonjwa hawa ni vijana, ambao utotoni waliumwa koo na viungo, kisha mlango mmoja wa moyo ukakaza. Hao hupewa warfarini. Dawa hii iliuzwa kwanza kuua panya, mwaka 1948. Kutoka 1954 watu wakaanza kupewa. Msiogope, tofauti ni kipimo. Ndiyo sababu tunapima damu yako mara kwa mara, tukitafuta hesabu iliyo kati ya 2 na 3.

Wengine wameambiwa waache sombe kabisa. Sivyo. Majani hupunguza nguvu ya dawa, lakini mganga hupanga dawa kwa kufuata chakula chako. Kula sombe na lengalenga kila juma kiasi kile kile. Anayejiharibia ni yule asiyeigusa mwezi mzima, kisha akaila siku tatu mfululizo kwenye arusi.

Usimeze aspirini wala dawa ya mizizi bila kuuliza. Mwanamke akiona amekosa siku zake, aje upesi tumbadilishie dawa, kwa maana warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Dawa hii haiongezi nguvu, wala mtu hasikii kazi yake. Kwa hiyo wengi wanaiacha, wakisema wameombewa na wamepona. Ombeni, na dawa mmeze. Ukiona mkojo mwekundu au choo cheusi kama lami, njoo siku ile ile, hata ikiwa Siku ya Bwana.