Masomo ya nyumbani au shule ya serikali: mzazi apime nini kabla ya kumtoa mtoto

Zamani ukisikia mtu wa Mombasa anawasomesha wanawe nyumbani ulidhani moja kwa moja ni wageni wanaokaa Nyali. Siku hizi swali hilo linaulizwa Kisauni, Likoni na Majengo, tena na watu wetu wa kawaida: mama mwenye duka la nguo, baba anayefanya kazi bandarini, hata maalim wa madrasa. Kwa nini nisimtoe mtoto shule nikamsomesha mwenyewe? Mimi ni mama wa watoto watatu, wote wako shule ya serikali, na kabla ya kuamua wabaki huko nilitumia karibu mwaka mzima kuuliza watu, kusoma sheria na kupiga hesabu. Haya ndiyo niliyoyapata, pamoja na maoni yangu ambayo si lazima uyakubali.

Kwanza tuwatendee haki hao wanaotaka kuwatoa watoto, maana wengi husemwa kuwa ni watu wa maringo au wenye siasa kali. Mwanangu wa pili alipokuwa Gredi ya Nne walikuwa watoto 74 katika chumba kimoja na mwalimu mmoja. Dawati la wawili likikaliwa na wanne. Daftari lake liliweza kukaa wiki mbili bila kuguswa na kalamu nyekundu, na mwalimu huwezi kumlaumu. Madaftari 74 atayasahihisha saa ngapi? Wengine wana mtoto mwenye usonji au asiyesikia vizuri, ambaye darasa la namna hiyo humtupa pembeni. Wengine wanaogopa magenge ya vijana na dawa za kulevya zinazouzwa hatua chache kutoka lango la shule. Na sisi wa Pwani tuna letu zaidi: mtoto wa Kiislamu ana shule mbili. Asubuhi anaondoka na mkoba, alasiri anarudi, anavua sare, anavaa kanzu au buibui kwenda chuoni mpaka magharibi, kisha usiku kazi ya shule inamngoja. Mwisho wa wiki, chuo tena. Mzazi anayemwona mtoto amelala juu ya daftari akasema lazima kuna njia nyingine, ana hoja.

Halafu kuna corona. Shule zilifungwa Machi 2020 na madarasa mengi hayakurudi mpaka Januari 2021. Miezi hiyo kila nyumba iligeuka shule, ipende isipende, na masomo yakaletwa kwa redio na televisheni. Kuna wazazi waliogundua kwamba mtoto aliyekuwa akishika mkia anaweza kugawanya na kuzidisha vizuri tu akifundishwa polepole na mtu anayemjua. Kuna waliogundua kwamba wao na watoto wao hawawezi kukaa na kitabu nusu saa bila kelele. Kwangu yalitokea yote mawili, kwa watoto tofauti.

Tuje kwenye sheria, maana hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Wanasoma habari za Marekani, ambako masomo ya nyumbani yanaruhusiwa katika majimbo yote 50, wakadhani ndivyo ilivyo kila mahali. Ujerumani hawakubali, mtoto sharti aende shule. Kwetu, kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haki hiyo ni ya mtoto, mzazi hawezi kuisamehe kwa niaba yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema wazi zaidi: sehemu ya 30 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria masomo katika taasisi ya elimu, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na elimu ya msingi katika sheria hiyo inafika mpaka sekondari.

Wazazi wanaoamini masomo ya nyumbani walilipeleka jambo hili Mahakama Kuu Nairobi, wakidai kwamba sheria inawanyima uhuru wa kuchagua namna ya kuwalea watoto wao. Mwaka wa 2021 mahakama haikukubaliana nao. Zipo familia zinazoendelea kusomesha nyumbani na hakuna aliyewabishia hodi, lakini kutobishiwa hodi si ruhusa. Ukigombana na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja, akaamua kwenda kwa chifu kusema watoto wako hawaendi shule, utajibu nini?

Hata hivyo, kilichonizuia mimi hasa si chifu. Ni alama.

Wakati wa 8-4-4 mtoto aliweza, kwa tabu yake, kusoma popote kisha akafanya mtihani mmoja wa mwisho, KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Katika mtaala wa umilisi alama zinaokotwa njiani, kidogo kidogo. Tathmini anazofanya mtoto shuleni kuanzia Gredi ya Nne ndizo asilimia 60 ya matokeo yake ya kumaliza msingi; karatasi ya KPSEA yenyewe ni 40 tu. Akifika Gredi ya Tisa, asilimia 60 inatokana na mtihani wa KJSEA, 20 na tathmini za Gredi ya Saba na ya Nane, na 20 iliyobaki inatoka kwenye ile KPSEA ya nyuma. Kazi hizo mtoto anazifanya mbele ya mwalimu, mwalimu anaziingiza alama katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na anayemsajili mtoto apate namba yake ya tathmini ni shule. Mama aliyeketi mezani kwake Bamburi hana nenosiri la mfumo huo. Huenda anafundisha sehemu na desimali vizuri kuliko mwalimu yeyote wa kaunti hii, ila alama hana pa kuiandika.

Ndiyo maana nasema kumtoa mtoto Gredi ya Nne leo ni jambo zito kuliko ilivyokuwa kumtoa darasa la nne miaka 15 iliyopita. Mwaka mmoja tu wa kujaribu unaacha pengo ambalo atalibeba mpaka anapopangiwa shule ya sekondari ya juu. Ukimrudisha baadaye, mwalimu mkuu atakuuliza rekodi zake, na huna.

Mwanya uliopo ni mtaala wa kigeni, hasa ule wa Cambridge, ambao unamruhusu mtahiniwa wa kibinafsi kujisajili katika kituo kilichoidhinishwa. Familia nyingi zinazosomesha nyumbani zinapitia huko. Lakini ada inalipwa kwa kila somo, vitabu ni vya bei, intaneti iwe haikatiki, na sayansi inataka maabara ambayo nyumbani haipo. Mtoto akitaka kuingia chuo kikuu cha hapa, vyeti vyake sharti vilinganishwe kwanza na vya Kenya. Mwenzake wa shule ya serikali anatengewa shilingi 1,420 kwa mwaka akiwa msingi na 15,042 akiwa sekondari msingi, pesa ambazo sote tunalalamika kwamba hazitoshi na zinachelewa. Wa nyumbani hatengewi hata ndururu.

Kisha kuna swali ambalo nikiliuliza mbele ya wanaume kikao kinakuwa kimya: nani atakayekaa nyumbani kufundisha? Tunapozungumza tunasema "mzazi", lakini kila mtu anajua ni mama. Ni mama atakayefunga duka, au aliyeacha chuo cha ualimu mwaka wa pili na sasa anaambiwa hiyo elimu yake ndogo inatosha. Mume akifa au akioa kwengine, mama huyo amekaa miaka minane bila kazi, na cheti cha kuonyesha hana.

Na kuna wasichana. Neno "anasomea nyumbani" ni zuri likitamkwa na mzazi mwenye ratiba, vitabu na nia. Katika mitaa yetu neno hilohilo linaweza kufunika mengi. Msichana wa miaka 13 haonekani tena na sare. Ukiuliza unaambiwa anasomea nyumbani. Ukiingia ndani anapika, analea wadogo zake, na pengine posa imeshafika. Mvulana naye anasomea nyumbani huku unamkuta ufuoni anauza madafu saa nne za asubuhi. Shule ya serikali, pamoja na ubovu wake wote, ina rejista. Majina yanaitwa asubuhi, na jina lisipoitikiwa wiki mbili kuna mtu anayeuliza. Mimi na wewe tunaweza kuwa wazazi wazuri tusiohitaji kuulizwa. Sheria haiwezi kutungwa kwa ajili yetu peke yetu, na hii ndiyo hoja iliyonishinda kabisa, kuliko hata zile za pesa na mitihani.

Sisemi hayo kwa kudharau elimu ya nyumbani, na mtu asiniambie ni mambo ya Wazungu. Mwana Kupona wa Pate alitunga utendi wake mwaka wa 1858 ili amfundishe binti yake, na watoto wa Lamu na Mombasa walisoma vyumbani na barazani kabla ya shule ya kwanza ya serikali kujengwa. Lakini wazee wetu hawakusimama hapo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Al-Islah aliloanzisha Mombasa mwaka wa 1932, aliwahimiza watu wa Pwani watafute elimu ya kisasa bila kuiacha dini. Miaka ya 1980 ilianza hapahapa Mombasa ile programu ya shule za chekechea ndani ya madrasa, ambayo baadaye ilifika Zanzibar na Uganda. Watu waliona watoto wanachelewa kuingia shule, wakaitumia madrasa iliyokuwa karibu na nyumba kuwatayarisha. Hawakuchagua moja wakaitupa nyingine.

Kwangu nimefanya kitu kidogo zaidi. Watoto wako shule ya serikali, na baada ya isha kuna saa moja ya mezani, simu zote kabatini. Wa pili tulirudia hesabu ya Gredi ya Pili kimyakimya mpaka akaishika. Kusoma kwa sauti tunasoma Kiswahili chetu, maana wanakisikia kila siku lakini wakiandika insha wanaogopa. Na maalim wa chuoni, nilipomweleza, alikubali siku mbili za wiki wenye mitihani watoke mapema. Nilidhani atakataa, wengi tunadhani hivyo ndiyo maana hatuulizi.

Sheria yenyewe ningependa ibadilishwe. Afrika Kusini, katika sheria yao ya shule ya 1996, mzazi anaweza kuomba mtoto asajiliwe asome nyumbani, na serikali inajua yuko wapi na anafundishwa nini. Hapa kwetu mtindo huo ungewasaidia hasa wenye watoto walemavu au wagonjwa, ambao sasa wanajificha kama wahalifu kwa kuwafanyia watoto wao jambo ambalo shule imeshindwa. Asajiliwe, apewe namba ya tathmini, apangiwe shule ya karibu atakapofanyia kazi zake za alama, na afisa wa elimu aje nyumbani mara moja kila muhula. Mzazi ambaye hataki kabisa afisa aingie kwake, hapo nami nitakuwa na shaka naye.

Hayo hayajaja. Kwa sasa, ukiwa bado unataka kumtoa, anzia ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kabla ya kumwambia mtoto lolote. Hakikisha cheti chake cha kuzaliwa kipo, maana wengi wetu tunakitafuta siku ya usajili wa mtihani, na uchukue namba yake ya tathmini na rekodi zake zote. Kama shida yako ni shule yenyewe na si masomo, jua kwamba sheria hiyohiyo ya 2013 inakataza mtoto kupigwa au kudhalilishwa, na inatoa viti sita katika bodi ya usimamizi kwa watu waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi au jamii. Mkutano wa mwisho wa wazazi shuleni kwetu tulikuwa watu 18, katika shule yenye watoto zaidi ya elfu moja, na kumi kati yetu ni akina mama waliokuwa wakiangalia saa wawahi kufungua vibanda vyao.