Boti ya kuagiza: Fedha hutangulia, mali hufuata

Nchini Uingereza, anayeagiza boti nyembamba ya mifereji hulipa kwa awamu: amana, bodi ya chuma, injini, kisha useremala wa ndani. Upana wake ni kama mita 2.1 tu, kwa kuwa malango ya maji ya mifereji mingi, iliyochimbwa tangu karne ya 18, hayapitishi zaidi.

Baadhi ya wateja hutaka injini za kale za dizeli, kama Gardner au Lister, zilizofanyiwa ukarabati. Huzunguka polepole na kudumu, lakini ni nzito na huhitaji chumba chake. Kazi ikichelewa, fedha za mteja huzidi kukaa mikononi mwa mjenzi.

Hapo ndipo penye hatari. Karakana ikifilisika, mteja ambaye mkataba haumhamishii umiliki kwa kila awamu huweza kuhesabiwa mdai wa kawaida, nyuma ya benki yenye dhamana. Mwenye kipengele hicho hudai bodi yake, na injini ambayo namba yake imeandikwa mkatabani. Mnunuzi makini hulipia kilichokwisha kujengwa, baada ya mkaguzi huru kukithibitisha.