Haibridi kuukuu kwenye baridi kali: betri ya kuchungwa ni ile ndogo

Anayetaka kununua haibridi iliyotumika huniuliza swali lile lile: betri kubwa itakufa lini? Kama ana ndugu anayeishi Winnipeg au Minneapolis, huongeza la pili: na kule kwenye theluji, si itakufa mapema zaidi? Mimi humjibu kwa kumpeleka mbali kidogo, Mongolia.

Ulaanbaatar ndio mji mkuu wenye baridi kuliko miji mikuu yote duniani. Upo mita zipatazo 1,300 juu ya usawa wa bahari, mbali na bahari yoyote, na usiku wa Januari kipimajoto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, mara nyingine hukaribia 40. Friza yako ya nyumbani, ile inayogandisha samaki akawa jiwe, huwekwa nyuzi 18 tu chini ya sifuri. Sasa katika mji huo, gari utakalokutana nalo kila kona ni Toyota Prius, tena kuukuu, lililoletwa kutoka Japani likiwa na usukani wa kulia ilhali Wamongolia nao huendesha upande wa kulia wa barabara. Ni magari ya aina ile ile ya mitumba ya Japani tunayoyapokea sisi Mombasa na Dar es Salaam, ila yale yamekwenda kaskazini.

Serikali yao iliyapa haibridi nafuu ya kodi, na bei ya mitumba ikawavuta watu. Lakini nafuu ya kodi haiwashi gari asubuhi. Prius imeenea pale kwa sababu nyingine pia: inawaka.

Tuanze na gari la kawaida. Asubuhi ya nyuzi 30 hasi oili ya injini imekuwa nzito kama asali, kwa hiyo injini inadai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Wakati huohuo betri ya volti 12, ambayo kazi yake ni kuzungusha stata, imepungukiwa na zaidi ya nusu ya nguvu zake, maana kemia ya risasi na asidi huzubaa baridi ikizidi. Ni kama mtu aliyeongezewa deni siku aliyokatwa mshahara. Stata hujikongoja, petroli baridi haigeuki mvuke, plagi zinalowa, na jaribio la tatu linaimaliza betri.

Prius haina stata ya namna hiyo. Ndani ya giaboksi yake mna mota mbili za umeme, na mojawapo ndiyo inayoiamsha injini kwa umeme wa betri kubwa iliyoko nyuma ya kiti cha abiria wa nyuma. Kwenye toleo la pili, lililotengenezwa kuanzia 2003 hadi 2009, betri hiyo ina moduli 28 zenye seli 168 za nikeli na metali haidraidi, na volti 201.6. Ina uwezo wa kutoa zaidi ya kilowati 20. Hata baridi ikiipokonya sehemu kubwa ya uwezo huo, kinachobaki kinatosha kuzungusha injini ya lita 1.5 hadi karibu mizunguko 1,000 kwa dakika kabla petroli haijaanza kunyunyizwa. Stata ya kawaida haifiki hata theluthi ya kasi hiyo. Injini inayozungushwa hivyo haina budi kuwaka.

Na uzee wa betri je? Hapa ndipo wengi hugeuza mambo. Baridi huipunguzia betri kubwa nguvu za siku ile. Joto ndilo linalokula umri wake. Betri iliyokaa miaka kumi kwenye jua la Mombasa, feni yake ya kupooza imeziba vumbi, nina wasiwasi nayo kuliko ile iliyokaa miaka hiyohiyo kwenye baridi. Feni hiyo huvuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma, kwa hiyo betri huvuta hewa ile ile mnayovuta nyinyi. Kwetu maana yake ni kulisafisha tundu hilo na kutoliziba kwa mizigo. Kule kwenye theluji maana yake ni kwamba hita ikishawapasha abiria, betri nayo inapata joto polepole.

Isidhaniwe kuwa haina kikomo. Vitabu vya mwongozo vya baadhi ya haibridi za Toyota huonya kwamba betri kubwa yenyewe ikipoa hadi chini ya nyuzi 30 hasi hivi, mfumo unaweza kukataa kuwaka mpaka ipate joto. Ahueni ni kwamba ni mzigo wa kilo kama 40, uliofunikwa ndani ya bodi la gari, na haupoi upesi kama hewa ya nje. Ndiyo maana wenye uzoefu wa baridi kali huliegesha gari ndani, au huliamsha kwa muda katikati ya usiku. Hata gari likishaondoka, kompyuta huibania betri iliyopoa: haitoi umeme mwingi wala haipokei mwingi. Usishangae breki zikirudisha umeme kidogo mno katika kilomita za mwanzo.

Sasa tuje kwa mkorofi mwenyewe. Prius ina betri ya pili, ya volti 12, imejificha ndani ya buti upande wa kulia. Ni ndogo kuliko ya magari mengi, kwa kuwa haizungushi stata. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazoruhusu umeme wa betri kubwa upite. Kazi nyepesi, lakini bila hiyo hakuna linalofanyika. Betri kubwa inaweza kuwa imejaa pomoni na gari lisiseme neno, kwa sababu kadogo kamelala.

Na kadogo haka ni ka risasi na asidi, kwa hiyo baridi inakaumiza kama inavyoumiza betri ya gari lolote. Kuna la kuogopa zaidi: betri ya asidi iliyojaa chaji haigandi hata kwenye nyuzi 50 hasi, ila iliyokwisha chaji hugandia nyuzi chache tu chini ya sifuri, na ikiganda hupasuka. Kinachoimaliza ni safari fupi fupi, alamu na vifaa vya kuwashia gari kwa mbali vilivyofungwa kienyeji, na ile tabia ya kukaa garini ukisikiliza redio bila kuwasha mfumo mzima. Kama unamsubiri mtu, washa gari hadi taa ya READY ionekane. Hapo betri kubwa inailisha ndogo.

Kuna kichekesho ambacho waliobuni gari hili huenda hawakukikusudia: mlango wa buti hufunguliwa kwa umeme. Betri ikifa, buti halifunguki, na betri imo humo ndani. Bahati nzuri kuna nondo ya kubustia ndani ya kisanduku cha fyuzi chini ya boneti. Jifunze mahali ilipo mchana kukiwa na jua, usingoje usiku wa theluji. Na ukibusti, hakikisha chanya imekwenda kwa chanya. Kwenye gari la zamani kosa hilo huunguza fyuzi. Kwenye Prius linaweza kuunguza vifaa vya kugeuza umeme ambavyo bei yake itakutoa machozi.

Ukibadilisha betri hiyo, kataa ya kawaida. Kwa kuwa imo ndani ya gari mnamokaa watu, inatakiwa iwe ya aina iliyofungwa, yenye mrija wa kutolea gesi nje. Nimeona Prius iliyotoka gereji moja, sitaitaja, imetiwa betri ya maji ya gari dogo na kufungwa kwa kamba. Harufu ya asidi ilikuwa inamsalimu abiria wa nyuma.

Oili ni jambo la dakika moja. Herufi W kwenye kopo ni ya majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake inaeleza baridi ambayo oili imepimwa nayo: 0W hupimwa kwenye nyuzi 35 hasi, 5W kwenye 30, 10W kwenye 25. Hiyo 20W-50 inayopendwa na mafundi wetu, kule ingekuwa lami.

Maji ya rejeta yanataka uangalifu zaidi, hasa kwa gari lililotoka sehemu yenye joto, maana huenda lilitiwa mchanganyiko mwepesi au maji matupu. Nusu maji na nusu kulanti ya glikoli huvumilia hadi karibu nyuzi 37 hasi. Wapo wanaodhani kulanti tupu ni bora zaidi, kumbe ikiwa peke yake huganda kwenye nyuzi 13 hasi hivi. Ni ule mchanganyiko unaoikinga. Tena haibridi ina mizunguko miwili ya maji, mmoja wa injini na mwingine wa vifaa vya umeme wenye pampu yake. Fundi asiyezijua haibridi hupima wa kwanza na kuusahau wa pili.

Mafuta je? Yatapanda, na hapo wauzaji hunyamaza. Haibridi hupata nafuu yake kwa kuzima injini, na baridi inaikataza kuizima. Hita inategemea joto la injini, kwa hiyo injini hubaki ikiwaka hata kwenye foleni. Vipimo vya Marekani vinaonyesha kwamba kwa safari za mjini kwenye nyuzi 7 hasi, gari la kawaida la petroli hupoteza kama asilimia 15 ya umbali linaokwenda kwa lita moja, na haibridi hupoteza karibu theluthi. Madereva huziba sehemu ya grili ya mbele ili upepo usiipooze injini, na wa Kanada hufunga hita ya umeme kwenye injini na kuichomeka ukutani usiku kucha. Ile ya Prius ya toleo la pili ni ya wati 400 tu, pungufu ya pasi ya nguo, na inasaidia sana.

Jambo moja silifanyii mzaha. Prius iliyoachwa READY huwa kimya, na mtu huamini ameizima. Ndani ya gereji iliyofungwa kwa ajili ya baridi, injini itajiwasha yenyewe kila inapohitaji kuchaji, na moshi wake una kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Watu wamekufa usingizini kwa namna hiyo. Vilevile, theluji ikiziba bomba la sailensa, moshi hurudi ndani. Zima kwa kitufe, hakikisha taa ya READY imetoweka, ndipo ushuke.

Kwa hiyo kama una ndugu huko Winnipeg, Edmonton au Minneapolis anayeendesha haibridi ya miaka 15, mwambie hivi: kabla Novemba haijaingia aipime betri ndogo gari likiwa limelala usiku kucha. Ikiwa inasoma volti 12.5 au zaidi, yuko salama kwa sasa. Ikiwa chini ya 12.2, aichaji na kuipimisha kwa fundi. Ikishindwa kushika chaji, anunue nyingine mwezi huohuo.