Njia ya Kuelekea Udaktari

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zamani, ungeingia darasa lolote la kidato cha kwanza hapa Katangi uulize, "Nani anataka kuwa daktari?" Mikono ingeinuka kama msitu! Uliza swali lilo hilo katika kidato cha nne, utaihesabu kwa vidole. Je, wengine walipotelea wapi? Wanachama wenzangu, hebu tufuatane pole pole.

Kwanza ni masomo. Mlango wa udaktari hufungwa mapema, tena na mwanafunzi mwenyewe, anapochagua masomo. Ili usomee shahada ya udaktari hapa Kenya, gredi yako ya wastani katika KCSE isiwe chini ya B. Kisha upate angalau B katika Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Umeona? Aliyeacha Fizikia bado ana Hisabati. Lakini aliyeacha Bayolojia, eti michoro ni mingi, huyo amejifungia nje hata akipata A katika mengine yote. Na wale wanaosema Kiswahili ni somo la kujazia tu, wajionee wenyewe: kinaweza kusimama mahali pa Kiingereza.

Pili, tusidanganyane. Hiyo B ni ruhusa ya kupiga foleni tu. Wanaogawa nafasi za vyuo vikuu ni KUCCPS, shirika lililochukua kazi ya JAB kufuatia sheria ya mwaka 2012. Hao hawakuiti ofisini ujieleze, wanatazama alama. A moja ni alama 12, basi masomo manne ya kundi hilo hufika 48. Masomo yote saba nayo, ambayo jumla yake ni 84, huhesabiwa pia. Ndiyo maana Historia au Kilimo ulichokidharau kinaweza kukuangusha. Nafasi za udaktari ni chache, na wengi wanaozipata ni wa A na A-.

Tatu, stakabadhi. Maombi hufanywa kwa mtandao. Angalia mapema kwamba majina kwenye cheti cha kuzaliwa yanalingana na yale uliyosajili kwa mtihani. Usingoje siku ya mwisho ndipo ukimbilie Matuu kutafuta saiba!

Nne, jua safari yenyewe. Masomo ni miaka 6, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini hospitalini kabla ya kupewa leseni kamili. Ada ni kubwa, kwa hiyo ongea na wazazi mapema, na ujue kwamba kuna mikopo ya HELB. Tena usidhani ukimaliza ni raha tupu. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na malipo ya wale walio katika mafunzo kazini yalikuwa miongoni mwa madai yao. Anayetafuta utajiri wa haraka atafute kwingine.

Sasa je, ukikosa alama hizo? Dunia haijaisha, bwana. KMTC, chuo kilichoanza mwaka 1927, kina tawi mjini Machakos. Kwa wastani wa C na gredi zinazotakiwa katika masomo husika, unaweza kusomea stashahada ya afisa wa kliniki kwa miaka 3. Huyo ndiye anayewatibu watu wetu wengi vijijini, na baadaye anaweza kujiendeleza hadi shahada.

Mwisho, usiache lugha. Mama mzee akisema ana kichomi, au moyo unamwenda mbio, daktari asiyemwelewa atampa dawa gani? Kiswahili na Kikamba ni vifaa vya kazi pia.

Basi, mwanafunzi mwenzangu, anza leo na ile Kemia unayoikimbia. Haba na haba hujaza kibaba.