Menyu za Kompyuta na Namna ya Kuzipanga

Zamani mtu aliyetaka kutumia kompyuta ilimpasa kuzijua amri zake kwa moyo na kuziandika herufi kwa herufi. Akikosea herufi moja, mashine haikumtii. Menyu ziliwapunguzia watu mzigo huo. Menyu ni orodha ya amri ionekanayo kwenye kioo, na mtumiaji husoma na kuchagua tu. Mwaka 1983 kampuni ya Apple ilitoa kompyuta iitwayo Lisa, na mwaka 1984 ikatoa Macintosh, zote mbili zikiwa na safu ya menyu juu ya kioo. Desturi hiyo ingali hai katika programu nyingi.

Je, menyu njema hupangwaje? Yako mambo manne ya kuangalia.

Kwanza, amri za jamii moja zikae pamoja. Kufungua, kuhifadhi na kupiga chapa huwekwa chini ya neno Faili, maana zahusu hati nzima. Kukata, kunakili na kubandika huwekwa chini ya Hariri, maana zahusu yaliyomo ndani ya hati.

Pili, jina liseme tendo lenyewe. Neno "Hifadhi" laeleweka mara moja, lakini "Mengineyo" halimwelekezi mtu popote. Hata vitone vitatu baada ya jina vina maana yake, yaani mashine itauliza jambo kwanza. Mathalani "Hifadhi kama..." huuliza jina la faili.

Tatu, amri isiyoweza kutumika kwa sasa isiondolewe, bali ififishwe rangi. Kama hujachagua maneno yo yote, "Kata" na "Nakili" hubaki mahali pake kwa rangi ya kijivu. Hivyo wajua kwamba zipo, na kwamba kuna jambo la kufanya kwanza.

Nne, mahali pa amri pasibadilike ovyo. Katika Microsoft Office 2000, menyu zilionyesha kwanza amri chache zitumikazo sana, na nyingine zikafichwa mpaka mtu angoje kidogo au abofye alama iliyo chini. Nia ilikuwa njema, orodha ziwe fupi. Lakini fikiri habari za mwenye duka ambaye kila usiku huhamishia ghalani bidhaa zisizonunuliwa mchana. Mteja akija kutaka utambi wa taa, ataona rafu tupu na kwenda zake. Katika Office 2007, kampuni iliziacha menyu hizo katika Word, Excel na PowerPoint, ikaweka utepe wa vitufe vilivyo wazi kwenye kioo.

Jambo hili si dogo. Karani au mzazi asiyeiona amri anayoitaka hujiita mjinga, akaogopa mashine tangu siku hiyo, na kumbe kosa ni la aliyepanga. Basi, ninyi mtakaotunga programu, kabla ya kumaliza kazi mpeni mtu asiyeijua, mwambieni apige chapa ukurasa mmoja, kisha nyamazeni mtazame. Watu watatu wakiitafuta amri mahali pamoja pasipo pake, msiwakemee. Ihamisheni amri iende huko wanakoitafuta.