Je, Wajua? Mpambire Si Soko la Watalii Tu

Anayetoka Kampala kwenda Masaka hukutana na Mpambire, wilayani Mpigi: kijimji cha barabarani chenye ngoma zilizopangwa mbele ya vibanda. Wengi hukata shauri papo hapo kwamba ni mapambo ya wageni. Ukizitazama ngoma zenyewe, hukumu hiyo haisimami. Zimo za kuwekwa mezani, lakini zimo pia zinazomfika mtu kiunoni, na hizo hazibebeki kwenye begi la msafiri. Empunyi ya sauti nzito, nankasa ya kupigwa kwa vijiti na engalabi ndefu ya kupigwa kwa mikono hutegemeana katika dansi ya baakisimba. Muuza mapambo hana haja ya kujua tofauti hizo, fundi anazijua. Gogo moja huchimbwa likabaki ganda, ngozi ya ng'ombe ikawambwa ingali mbichi kwa kamba za ngozi, kisha ikikauka hujikaza yenyewe. Engalabi kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge, kwa vigingi.

Atakayesema kwamba mgeni ndiye aletaye pesa hakosei kabisa, na pesa hiyo ni halali. Lakini shule za Uganda hushindana kila mwaka kwa nyimbo na ngoma za asili, na makanisa mengi huimba kwa ngoma hizi. Wanunuzi hao hawadanganywi na rangi. Hugonga kwanza, wakasikiliza, na ngoma isiyolia sawasawa huachwa pale pale kibandani.