Foleti na Saratani ya Tumbo: Funzo Kutoka Katika Chungu cha Makande

Katika vijiji vya milima ya Upare, wilayani Same, makande ni chakula cha asili chenye heshima. Mahindi na maharage huchemshwa pamoja katika chungu kimoja mpaka yalainike. Ndani ya maharage hayo, mbali na protini, mna vitamini ya kundi B iitwayo foleti. Je, mtu anayekosa vitamini hiyo hujiweka katika hatari ya kupata saratani ya tumbo?

Foleti iligunduliwa kwa njia ya ugonjwa wa damu. Mwaka 1931 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alieleza jinsi alivyowatibu akina mama wajawazito wa Bombay, India, waliopungukiwa na damu, kwa kuwapa dondoo ya hamira. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani waliipata vitamini hiyo katika majani ya spinachi, wakaiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani.

Kazi yake katika chembe hai

Kila chembe hai kabla ya kugawanyika hunakili DNA yake, yaani maandishi ya urithi. Foleti husaidia kutengeneza thaimini, mojawapo ya herufi nne za maandishi hayo. Foleti ikipungua, herufi ngeni, yurasili, huingizwa mahali pa thaimini. Chembe hujaribu kuiondoa, lakini makosa yakizidi uzi wa DNA huweza kukatika. Utando wa ndani wa tumbo hujifanya upya kila baada ya siku chache. Kwa hiyo chembe zake hunakili DNA mara nyingi, na nafasi za kukosea ni nyingi.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini hoja si ushahidi. Chanzo kikuu cha saratani ya tumbo ni bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia mwaka 1982. Hata hivyo, wengi walio na bakteria hao hawapati saratani kamwe. Ndiyo maana watafiti huchunguza mambo mengine: chumvi nyingi, tumbaku, na uhaba wa mboga na matunda.

Kuhusu foleti, baadhi ya uchunguzi umeonyesha uhusiano, na mwingine haukuuona. Asiyekula mboga hukosa pia vitamini C, na mgonjwa wa tumbo hupoteza hamu ya kula. Ni vigumu basi kutenganisha sababu na matokeo. Wala haijathibitika kwamba vidonge vya asidi ya foliki huzuia saratani hiyo.

Hatari ya kujitibu

Utando wa tumbo ukichakaa kwa muda mrefu, mwili hushindwa kufyonza vitamini B12, na damu hupungua. Uchakavu huohuo huongeza hatari ya saratani. Mgonjwa wa namna hiyo akinywa asidi ya foliki pekee, damu yake huweza kuongezeka akajiona amepona, kumbe neva zinaendelea kuharibika na tumbo halijapimwa. Dawa imeficha dalili bila kuondoa ugonjwa.

Chakula ni jambo jingine. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 400 hivi za foleti kwa siku, na mama mjamzito 600. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa huweza kutoa 130 au zaidi. Foleti huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Anayemwaga maji aliyochemshia mboga humwaga sehemu ya vitamini, ilhali mchuzi wa makande huliwa pamoja na punje zake. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubisho katika unga mwaka 2011, lakini mahindi yanayosagwa katika mashine ndogo za vijijini mara nyingi hayaongezwi kitu. Hapo kunde, maharage na mboga za majani hubaki ndizo tegemeo.

Makande, basi, hulisha chembe hai zinazojijenga. Hayafukuzi bakteria wala hayatibu uvimbe. Anayekonda bila sababu, anayeshiba upesi kuliko kawaida, anayetapika damu au kupata choo cheusi, apelekwe hospitali bila kukawia.